Mtoto hupewa alama kwa haki, mkunga mwanafunzi je?

Hebu vuta picha. Ni saa tisa usiku na wodi ya kujifungulia imejaa. Wanafunzi wawili wa ukunga, darasa moja, kila mmoja anazalisha mama huku akitahiniwa.

Wa kwanza ameangukia sista mkali ambaye hajaketi tangu jioni. Anachelewa kidogo kupanga vifaa, anafokewa mbele ya mama, mikono inaanza kutetemeka. Maksi: 52. Wa pili, mtahini wake alitoka kupokea simu, akarudi mtoto tayari analia. Lakini si msichana ana adabu? Maksi: 80.

Sasa niambie, ni yupi kati yao ungemwachia dadako? Maksi hizo haziwezi kukujibu. Moja imepima hasira za sista, nyingine imepima adabu.

Kinachochekesha ni kuwa ndani ya chumba hicho kuna mtu aliyepewa alama kwa haki: mtoto. Mwaka 1953, daktari Mmarekani Virginia Apgar alichapisha njia ya kumpima mtoto mchanga. Unaangalia mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu za misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo lina 0, 1 au 2. Moyo ukipiga chini ya mara 100 kwa dakika ni 1. Ukifika 100 au zaidi ni 2. Hupimwa dakika ya kwanza, kisha ya tano.

Mkunga wa Lodwar na wa Mombasa wakimwangalia mtoto mmoja, alama zao zitakaribiana. Si kwamba wana roho safi kuliko sista wetu. Ni kwamba wanatazama vitu vilevile.

Basi hata mwanafunzi anahitaji orodha ya aina hiyo, na aione kabla ya mtihani. Badala ya kuandika "amejitahidi", mtahini aandike alichoona. Je, alisikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa na kujaza patografu? Baada ya mtoto kutoka, alihakikisha hakuna pacha tumboni kabla ya kudunga oksitosini yuniti 10? Aliidunga ndani ya dakika moja?

Hatua kama hizo hazifai kufidiwa na tabasamu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua akina mama wengi zaidi nchini. Ukiiruka hatua hiyo, urudie, hata kama kwingine kote uling'aa.

Kuna mtihani wa vituo ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, waliueleza mwaka 1975. Kila mwanafunzi hupitia vituo vilevile, kwa muda uleule, na orodha ileile. Ni haki, lakini sanamu ya plastiki haipigi kelele wala haivuji damu ghafla. Ndiyo maana wodi bado inahitajika, ila si kwa siku moja na jicho moja. Watahini wawili watatu, siku tofauti, tena waketi kwanza wakubaliane 'amefanya vizuri' maana yake ni nini.

Nawe mwanafunzi, usijifanye malaika. Kile kitabu chako cha kazi za wodini, umewahi kuomba sahihi ya uzazi ambao ulitazama tu kutoka mlangoni? Huo nao ni upendeleo, tofauti ni kwamba umejipendelea mwenyewe. Ukifelishwa, usilie chooni na kunyamaza. Uliza kwa heshima: "Sista, ni hatua gani nilikosea?" Mtahini mwenye orodha atakuonyesha. Asiye nayo atabaki kukwambia ati hukuwa 'serious'.

Mama anayelala pale kitandani hataziona maksi zako. Ataiona mikono yako.