Breki za Ngoma: Zinavyokwisha na Zinavyotengenezwa

Barabara itokayo Kigali kwenda Gisenyi hupita Musanze, Bigogwe na Mahoko, ikafika kwetu Nyundo, kisha hushuka kuelekea Ziwa Kivu na mpaka wa Goma. Miteremko hiyo ya mwisho twaijua sote. Malori hufika hapa yakiwa na shehena nzito baada ya safari ndefu ya milimani, na mara kwa mara twasikia kwamba lori fulani limekosa breki. Kwa Kinyarwanda twaziita feri, na watu husema feri zimekatika, kana kwamba breki ni kamba ikatikayo ghafula. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba mara nyingi mambo si hivyo. Breki hulika kidogo kidogo, nayo hutoa dalili. Mwenye kuzijua dalili zake aweza kuitengeneza mapema.

Nayasema haya kwa sababu katika likizo mbili zilizopita nilimsaidia fundi mmoja wa jirani kutengeneza breki za Land Rover ya mwaka 1968, aina ya Series IIA fupi, mali ya mzee mmoja aliyesoma zamani. Motokaa hiyo ina breki za ngoma kwa magurudumu yote manne. Niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono ndiyo nitakayoyaeleza.

Hapo kale gari la farasi lilisimamishwa kwa kipande cha mti kilichosukumwa juu ya ukingo wa gurudumu. Njia hiyo haikufaa motokaa, maana ina mwendo mkali na uzito mwingi, tena matope na maji yaliuharibu mti ule. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki iliyofichwa ndani ya ngoma ya chuma, mbali na matope. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ikiwa na breki za namna hiyo. Ilikuwa mwaka 1983 tu, ilipotoka Land Rover One Ten, ndipo magurudumu ya mbele yalipopewa breki za sahani. Hata leo malori mengi mazito bado yana ngoma, ingawa hayo husukumwa kwa upepo badala ya mafuta. Kwa hiyo anayeifahamu breki ya Land Rover kuukuu amekwisha fahamu sehemu kubwa ya breki ya lori.

Sasa tuangalie kazi yake. Ngoma ni chungu cha chuma kizito kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Hivyo huitwa viatu, navyo havizunguki. Juu ya kila kiatu pamebandikwa tabaka gumu liitwalo lainingi. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda kuu, hupita katika mabomba membamba, hufika katika silinda ndogo ya kila gurudumu, nayo huvitanua viatu viguse ngoma. Dereva akiachia, springi huvirudisha viatu mahali pake. Tena kuna jambo la ajabu: kiatu kimoja huvutwa na ngoma yenyewe inapozunguka, kikazidi kujibana bila dereva kuongeza nguvu. Ndiyo sababu motokaa nzito yaweza kusimamishwa kwa mguu wa mtu mmoja.

Lakini mwendo wa motokaa haupotei hivi hivi. Hugeuka kuwa joto. Wanafunzi wenzangu wa fizikia watanielewa wakifanya hesabu hii. Motokaa yenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria na mizigo, ikishuka mita 300 za kwenda chini, hutoa nguvu ya 2,000 × 9.8 × 300, yaani jouli 5,880,000. Nguvu hiyo yatosha kupasha moto lita 17 za maji kutoka digrii 20 hata digrii 100. Ni karibu jerikani nzima! Dereva akiitegemea breki peke yake, karibu joto lote hilo huingia katika ngoma nne ndogo.

Ngoma ikipata moto hutanuka, ikajitenga na viatu, na pedali ikazidi kuzama. Lainingi nayo ikipata moto kupita kiasi huwa telezi, isishike sawasawa. Hatari ya tatu ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa digrii 205 au zaidi, bali yakisha nyonya maji yaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira. Hapo pedali huenda hata chini, na motokaa haisimami. Watu watasema imekatika, kumbe imechemka.

Dalili za breki inayokwisha ni hizi. Pedali ikishuka sana mara ya kwanza, lakini ikapanda ukiikanyaga mara mbili tatu, yamkini viatu viko mbali na ngoma. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa ndani ya mabomba. Ikikaa chini ya mguu kisha ikazama polepole, mafuta yanavuja mahali. Motokaa ikivuta upande mmoja, breki za kushoto na kulia hazilingani. Ukisikia chuma kikisaga chuma, lainingi imekwisha, na vichwa vya ribiti vinaikata ngoma.

Tulipoanza kazi, fundi hakuniruhusu kushika spana kabla ya kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nilimwuliza, "Mzee, si tumekwisha vuta breki ya mkono?" Akajibu, "Mwanangu, breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Hushika mhimili unaotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani laweza kuzunguka upande wake, na lililo chini likazunguka upande mwingine. Motokaa itashuka kutoka juu ya jeki, ikuangukie." Basi kila mwenye motokaa ya aina hii ayashike maneno hayo. Tena motokaa ikisha inuliwa, lazima ikalie stendi imara, wala si jeki peke yake.

Kanuni ya pili ni kufungua gurudumu moja moja. Upande wa pili ukibaki mzima utakuwa kielelezo chako, nawe hutasahau springi ipi ilikaa wapi. Ukisha toa gurudumu, legeza kwanza kirekebishi kilicho nyuma ya bamba ili viatu virudi ndani. Kisha fungua skrubu zinazoshika ngoma, na uivute. Ikiwa imeganda kwa kutu, tia mafuta ya kulegeza, ngoja, kisha igonge taratibu kwa nyundo ya mti.

Ndani utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu! Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Sisi tuliliosha kwa maji ya sabuni na kitambaa, tukakifunga kitambaa hicho katika mfuko na kukitupa.

Halafu huja kupima. Lainingi ikibaki milimita moja na nusu tu juu ya vichwa vya ribiti, imekwisha. Ikiwa imelowa mafuta itupwe hata ikiwa nene, na pale panapovuja patengenezwe kwanza, maana mpya nayo italowa. Ngoma ipimwe upana wake wa ndani mahali pengi, ionekane kama bado ni mviringo au imekuwa kama yai. Yenye michirizi mirefu hupelekwa kwa mwenye mashine ya kukereza chuma, ipate kusawazishwa. Lakini ngoma ina kikomo chake. Ikisha kerezwa kupita kipimo cha mtengenezaji huwa nyembamba, hupata moto upesi, na yaweza kupasuka. Hapo hapana budi kununua nyingine.

Katika wilaya yetu kuna adui mwingine, nalo ni tope. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, na mto Sebeya ukafurika hata ukaingia katika nyumba za watu wa hapa kwetu. Motokaa iliyosimama katika maji ya tope huonekana nzima ikisha oshwa. Lakini mchanga mwembamba hubaki ndani ya ngoma, na huko hufanya kazi ya msasa, ukila lainingi na chuma kwa pamoja. Silinda ndogo nazo huingia kutu, zikakwama. Basi motokaa iliyopatwa na mafuriko ifunguliwe ngoma zote kabla ya kurudi barabarani.

Viatu hutolewa kwa kuzikwepesha springi kwa koleo. Zifunge silinda kwa waya ili pistoni zisiruke nje. Lainingi mpya ikipigwa ribiti, anza ribiti za katikati, uende pande zote mbili, ili isibaki nafasi chini yake. Nafasi hiyo, ijapokuwa ndogo, huifanya breki kulia na lainingi kuvunjika. Tena badilisha viatu vya magurudumu mawili ya mhimili mmoja kwa siku moja. Anayebadilisha upande mmoja tu ili kuokoa fedha atavutwa upande mmoja siku atakapokanyaga kwa nguvu.

Mipira ya silinda isioshwe kwa petroli, wala isitiwe mafuta ya injini, maana itavimba na kuziba. Itumike spiriti au mafuta mapya ya breki. Tena mafuta ya breki yasimwagike juu ya rangi ya motokaa, kwani huila.

Kila kitu kikisha rudishwa, hewa itolewe. Kazi hii huhitaji watu wawili. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa kuwa nchini mwetu dereva huketi kushoto, hilo ni la nyuma kulia, kisha la nyuma kushoto, la mbele kulia, na mwisho la mbele kushoto. Nilikanyaga pedali, nikashikilia. Fundi akafungua kitundu, mafuta yenye mapovu yakatoka kwa mpira mwembamba na kuingia katika chupa. Akafunga, ndipo nikaachia. Ukiachia kabla hajafunga, hewa itarudi. Tuliendelea hivyo hata mapovu yakaisha, huku tukiongeza mafuta katika chombo cha silinda kuu kisikauke.

Mwisho ni kurekebisha. Zungusha kirekebishi hata kiatu kiguse ngoma, kisha kirudishe kidogo hata gurudumu lizunguke bila kushikwa. Kabla ya kwenda popote, kanyaga pedali kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Isipozama, jaribu mahali tambarare kwa mwendo wa polepole. Lainingi mpya haigusi ngoma yote siku ya kwanza, kwa hiyo siku za mwanzo usishuke mlima ukiwa na mzigo. Na kazi ya breki ni kazi ya uhai. Asiye na uzoefu aifanye mbele ya fundi, wala asijifunze peke yake.

Kazi yetu ilituchukua Jumamosi nne. Mzee mwenye motokaa alipokuja kuichukua alimwuliza fundi kama sasa aweza kushuka Gisenyi bila hofu. Fundi alimjibu kwamba breki hata ikiwa mpya haiwezi kufanya kazi ya gia. Gia ambayo ungepandia mlima ndiyo hiyo hiyo ya kushukia, na iingizwe juu kileleni kabla mwendo haujazidi. Injini itabeba sehemu kubwa ya joto, na breki itabaki baridi kwa hatari ya ghafula.

Wazee wetu mliosoma zamani, nanyi mlio na motokaa za umri huo, zifungueni ngoma kabla ya masika, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Nasi wanafunzi, ingawa hatuna motokaa, twapanda za wengine kila likizo. Ukisikia harufu ya kuungua mteremkoni, au chuma kikisaga, usione haya kumwambia dereva kwa heshima asimame pahali salama mpaka ngoma zipoe. Atakayekasirika kwa kucheleweshwa nusu saa atafika nyumbani nusu saa baadaye, naye atakuwa amefika.