Ganda la Jino Halioti Mara ya Pili

Vijana wa Bunia huonyeshana katika simu zao picha za waimbaji na wacheza filamu wenye meno meupe kama chaki, yaliyopangwa sawasawa kama vigae vya sakafu. Huulizana: je, hao wamezaliwa hivyo? Wengi hawakuzaliwa hivyo. Meno yao yamefunikwa kwa vigamba vya kauri, ambavyo wataalamu huviita vinia. Mwenye fedha aweza kusafiri hata Kampala kuvitafuta. Asiye nazo hutamani tu. Na kwa kuwa wako wachumba wanaovihesabu miongoni mwa mahitaji ya arusi, yafaa wazazi na wanafunzi wajue kazi hiyo ni ya namna gani.

Jino limevikwa ganda liitwalo enameli, nalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa mtu, hata mfupa. Lakini lina udhaifu mmoja. Mfupa uliovunjika huunga, na ngozi iliyokatwa huziba. Enameli iliyoondoka haioti tena, kwa maana chembe hai zilizoitengeneza hupotea wakati jino linapotokeza katika ufizi. Chini ya ganda hilo mna dentini, iliyo laini zaidi na yenye rangi ya manjano kidogo. Hiyo ndiyo isikiayo baridi na moto.

Sasa, ili kigamba kikae bila kulifanya jino kuwa nene, daktari kwa kawaida hukwangua uso wa mbele wa jino, yapata nusu milimita. Fundi hutengeneza kigamba chembamba kama ukucha kwa kufuata kipimo cha kinywa. Kisha jino hupakwa asidi, lipate vishimo visivyoonekana kwa macho, na kigamba hubandikwa kwa gundi ngumu. Mwaka 1928 Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliwatengenezea wacheza sinema vigamba vya kuvaa mbele ya kamera tu. Kazi ilipokwisha walivivua. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, New York, alionyesha kwamba asidi huliandaa jino kushika gundi, na tangu miaka ya 1980 vigamba vya kauri hubandikwa visitoke. Hivyo kilichokuwa vazi la kazini kimekuwa cha kulala nacho na kula nacho. Hata hivyo si cha milele. Kauri nzuri hudumu miaka 10 au 15, pengine zaidi, kisha hutakiwa nyingine. Kijana wa miaka 20 atakayechongwa leo huenda akabadilishiwa mara 3 au 4 kabla ya uzee wake, na kila mara atatoa fedha.

Kuchonga meno kwa ajili ya uzuri si jambo geni kwetu. Katika msitu wa Ituri Wambuti na Waefe walichonga meno ya mbele hata yakawa na ncha, na desturi ya namna hiyo ilijulikana kwa makabila mengi ya Kongo. Wageni wengi kutoka Ulaya walidhani kuwa ni dalili ya kula watu. Walikosea kabisa: yalikuwa mapambo, na aliyevumilia maumivu yake alijiona amekamilika sura. Daktari wa leo ana ganzi na vyombo safi, jambo ambalo si dogo. Lakini ukiliuliza jino lenyewe, chuma cha mzee na mashine ya daktari vyote viwili huondoa kitu kisichorudi.

Kuhusu meno yaliyochongwa ncha iko habari moja ambayo kila mwanafunzi wa Kongo angepaswa kuijua. Ota Benga alikuwa mmoja wa watu wafupi wa msituni, kutoka upande wa mto Kasai. Katika siku za utawala wa mfalme Leopold II askari walimwulia mke na watoto alipokuwa ameenda kuwinda, naye akaangukia mikononi mwa wauza watumwa. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner, aliyekuwa zamani mmisionari wa Kiprotestanti, alimnunua, akampeleka St. Louis katika maonyesho makubwa ya dunia. Watu walisongamana ili wayaone meno yake. Naye, kwa akili zake, akadai senti 5 kwa kila aliyetaka kuonyeshwa. Mwezi wa Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wachungaji weusi, wakiongozwa na James Gordon, walipinga kwa nguvu hata akatolewa. Mwaka 1910 walimpeleka Lynchburg, Virginia, asome na kuishi kama watu wengine, na ili asitazamwe tena kama kioja, meno yake yakafunikwa kwa vifuniko. Waliofanya hivyo walimtakia mema. Alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku huku akitamani kurudi kwao, lakini vita vya 1914 vilikatiza safari za meli. Tarehe 20 Machi 1916 aliwasha moto, akavibandua vifuniko vya meno yake, kisha akajiua. Tumwachie Mungu, ajuaye uchungu wa kila moyo. Chama kinachosimamia bustani ile kiliomba radhi mwaka 2020.

Sisemi haya ili kuwatisha wale wanaohitaji kweli msaada wa daktari. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipojadili habari za mapambo, alitofautisha kati ya kujifanyia uzuri wa uongo na kuficha kasoro iliyotokana na ugonjwa au sababu nyingine kama hiyo. Hili la pili alilihalalisha. Tazameni watoto wa Arusha, Tanzania, au wa kando ya milima ya moto ya Virunga. Huko maji mengine yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki uwezao kuyaondoa. Msichana wa namna hiyo anayeficha kinywa kwa kiganja kila anapocheka, au kijana aliyevunjika jino la mbele kwa kuanguka na pikipiki, akipata kigamba kizuri hana la kuona haya.

Lakini jino bovu litangulie kutibiwa. Kigamba kilichobandikwa juu ya jino lililotoboka ni sawa na chokaa juu ya ukuta ulioliwa na mchwa. Mtakatifu Apolonia wa Alexandria, aliyevunjwa meno na watesi mwaka 249 kwa ajili ya imani, na ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari, huombwa na waumwao meno. Sijasikia bado akiombwa na wenye kutafuta weupe.

Anayekusudia kazi hii amwulize daktari maswali haya waziwazi: utakwangua kiasi gani, kigamba kikivunjika nitakitengeneza wapi, na je, hakuna njia isiyochonga? Anayesaga meno usingizini aseme mapema, maana kauri hupasuka. Na mtu yeyote wa saluni anayejitolea kubandika au kuchonga meno akimbiwe. Kusuka nywele hakumfundishi mtu mishipa ya jino.

Mara nyingi, tena, weupe unaotafutwa umo ndani. Chai, kahawa na tumbaku huacha rangi juu ya jino, na ukoga usioondolewa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe kando ya ufizi. Hayo daktari wa meno huyaondoa kwa kusafisha tu, kwa kawaida kwa kikao kimoja, na ganda likabaki zima.