Ridhaa, Idhini na Ruhusa: Mipaka ya Maana na Matumizi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa sheria na waandishi wa hati za ofisi ni yale yanayohusu kukubali: ridhaa, idhini, ruhusa, kibali na hiari. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hupishana bila ya madhara makubwa. Lakini katika hati ambayo mtu hutia sahihi au dole gumba, kulitumia moja mahali pa jingine huweza kumpa mtu haki isiyo yake. Kwa sababu hiyo yafaa kila neno lijulikane mpaka wake.

Asili na viini vya maana

Neno ridhaa limetokana na Kiarabu, pamoja na ndugu zake radhi, kuridhia, kuridhika na maridhiano. Kiini cha ukoo huu ni utulivu wa nafsi: mwenye kuridhia ni yule ambaye moyo wake umelipokea jambo. Ndiyo maana mtoto hutafuta radhi ya wazazi, na aliyekosa huomba radhi.

Idhini na ruhusa nayo asili yake ni Kiarabu, lakini kiini chake ni kufunguliwa njia. Aliye na mamlaka humwondolea mwingine kizuizi. Kibali ni ruhusa iliyotolewa rasmi, aghalabu kwa maandishi, kama vile kibali cha ujenzi. Hiari hutaja uhuru wa kuchagua bila kushurutishwa. Nayo methali yasema kwamba hiari yashinda utumwa.

Basi idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo, na ridhaa hutolewa na yule ambaye jambo lenyewe litamfika. Mfasiri aliye katika shaka na ajiulize swali moja: jambo hili litamfika nani?

Matumizi

(a) Hospitalini. Mgonjwa anapotakiwa kutia sahihi kabla ya kupasuliwa, anachotoa ni ridhaa, kwa kuwa mwili ni wake. Neno ruhusa halifai hapa, hasa kwa kuwa hospitalini tayari lina kazi yake: mgonjwa aliyeruhusiwa ni yule aliyeambiwa na daktari aende nyumbani. Ridhaa haitimii kwa sahihi peke yake. Asiyeelezwa atafanyiwa nini, na kuna hatari gani, ameweka alama tu kwenye karatasi.

(b) Katika mikataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania hueleza kwamba watu wameridhiana wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Ridhaa hiyo si huru ikiwa imepatikana kwa shuruti, kwa ushawishi usiofaa, kwa hila, kwa maelezo ya uongo au kwa kukosea.

(c) Katika ndoa. Hapa ndipo lugha yenyewe inapofichua jambo. Kiswahili kina oa na olewa, lakini pia kina oza na ozwa. Bibi aliyeozwa ametendewa na mzazi wake. Kitenzi hakituambii kama naye aliridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudai ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wafunga ndoa, na hukataa ridhaa iliyotokana na shuruti au hila. Sheria hiyo hiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, na kwa aliye chini ya miaka 18 ikadai mzazi au mlezi akubali. Kukubali huko kwa mzazi ni idhini, maana si yeye anayeolewa. Anayeiita ridhaa huweza kumfanya msomaji adhani kwamba neno la baba linatosha badala ya neno la binti. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Desturi ya kuuhesabu ukimya wa mwari kuwa ni kukubali nayo yataka uangalifu. Ukimya waweza kuwa haya, waweza kuwa hofu. Mwandishi wa hati asiandike "ameridhia" pale alipoona tu kwamba mtu "hakupinga".

(d) Katika michezo na Bunge. Wachezaji wa ridhaa ni wale wanaocheza kwa mapenzi yao, si kwa ujira. Bunge nalo huridhia mikataba ya kimataifa. Kwa kitendo hicho nchi yenyewe hujifunga, kwa hiyo kitenzi hiki kinafaa kuliko kuruhusu.

Mapendekezo

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kazi ya kufasiri imeongezeka. Twapendekeza basi:

(i) Ridhaa itumike kwa kukubali kwa mtu juu ya mwili wake, mali yake, taarifa zake na ndoa yake.

(ii) Idhini itumike kwa kukubali kwa mzazi, mlezi au mkuu. Ruhusa ibaki katika matumizi ya kila siku, na kibali kiwe cha maandishi ya serikali.

(iii) Hati itaje waziwazi ni nani anayeridhia, na anaridhia nini. Sentensi "ridhaa imepatikana" humficha mwenyewe. Bora iandikwe "mgonjwa ameridhia" au "mke ameridhia nyumba iwekwe rehani".