Nyuma ya Tabasamu la Mhudumu wa Ndege

Katika barza zetu kazi ya uhudumu wa ndege husemwa kwa namna mbili zisizokutana. Vijana huiona kuwa ni kuzunguka ulimwengu bila kulipa nauli. Baadhi ya wazee huiona kuwa ni kugawa chai angani, jambo wasilolipenda kwa binti aliyelelewa vyema. Sisi tunaona pande zote mbili zimeitazama sare tu. Mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na fomu ya maombi anastahili kuijua kazi yenyewe kabla ya kukubali au kukataa.

Kwanza, sheria za usafiri wa anga hazimweki mhudumu ndani ya ndege kwa ajili ya chai. Kanuni iliyoenea katika nchi nyingi hutaka awepo mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na ndege kubwa ya abiria haipati idhini mpaka ithibitike kuwa watu wote waweza kutoka katika sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kwa hiyo mhudumu hufundishwa kuzima moto, kufungua mlango gizani na kumhudumia aliyesimama moyo, hata na mama aliyeshikwa na uchungu. Mafunzo hayo hurudiwa na kutahiniwa, asiyefaulu haruki.

Watu wa mwambao wana sababu ya kulielewa hili. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 walinusurika 50. Miongoni mwa waliokufa wamo waliokuwa wamekwisha kuyajaza hewa majaketi yao ya kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini na wasiweze kuifikia milango. Mhudumu anaposema jaketi lijazwe hewa wakati wa kutoka, wengi wetu huwa tunachezea simu.

Huko Haneda, Tokyo, mambo yalikwenda vingine. Januari 2, 2024, ndege iliyobeba abiria 367 na wafanyakazi 12 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo watano kati ya sita walifariki dunia. Ndege ya abiria ilishika moto, na mtambo wake wa matangazo haukufanya kazi. Wahudumu walipaza sauti na kutumia vipaza sauti vya mkononi, wakawaamuru watu waache mizigo, na kati ya milango minane wakatumia mitatu iliyokuwa salama. Wote 379 walitoka hai.

Siku kama hizo ni chache mno katika umri wa kazi. Zilizobaki ni za uchovu. Hewa ndani ya ndege ni kavu, na wepesi wake huweza kufikia ule wa mahali palipo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Njombe, pamoja na baridi yake yote, haifiki huko. Miguu huvimba, usingizi hukatika vipande. Abiria aliyekasirishwa na ucheleweshaji humwaga hasira zake kwa huyo aliye mbele yake, naye haruhusiwi kujibu kwa ukali.

Nyumbani, ratiba ya zamu ndiyo hutawala. Zipo siku za akiba ambazo mhudumu hukaa na sare yake tayari akingoja simu, na Idd huweza kumkuta hotelini katika mji asioujua. Mashirika ya Marekani, ambako wanawake walianza kazi hii mwaka 1930, kwa miongo kadhaa yaliwaachisha kazi walipoolewa. Katazo hilo liliondoka, lakini mwenye mtoto mchanga bado huhitaji mama au dada wa kumshikia nyumba.

Yapo pia ya dini. Saudia, Kuwait Airways na Royal Brunei hazitoi pombe. Mashirika mengi mengine hutoa, na aliyepangwa kuihudumu hawezi kuchagua glasi ya kubeba. Hilo liulizwe kabla ya kutia saini. Katika Ramadhani, jua huonekana kwa muda mrefu zaidi huko juu, hivyo aliyefunga hungoja lizame machoni pake ingawa mji ulio chini wamekwisha kufuturu. Na katika safari za Hija huwapo wazee ambao hawajapata kupanda ndege: huyu afungiwe mkanda, yule aonyeshwe mlango wa choo, na ndege ikikaribia miqati watangaziwe wapate kutia nia ya ihramu.

Mzazi na aulize, basi, mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho za saa za kuruka ni kiasi gani, makazi yatakuwa mji gani, na mkataba unasemaje juu ya ndoa na uzazi. Kijana naye aulizwe kama ajua kuogelea. Mashirika mengi hulitaka hilo, nao vijana wengi waliozaliwa hatua chache kutoka baharini hawajui.