Reli ya Nyumbu, Waya wa Aden na Mzigo wa Miezi Tisa

Ukisimama ufukweni Bagamoyo bahari ikiwa imekupwa, huhitaji kitabu kukueleza kwa nini mji huu ulipitwa. Mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Jahazi lililotoka Unguja limetia nanga mbali, na abiria wake wanakuja kwa miguu, suruali zimekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, mtoto begani. Meli kubwa haijawahi kusogea hapa, maji hayana kina.

Ng'ambo, kilomita arobaini na kitu, ndiko alikotawala Seyyid Barghash bin Said kuanzia Oktoba 1870 hadi Machi 1888. Bagamoyo ilikuwa chini yake, na kila pembe ya ndovu iliyoshuka kutoka bara ikavushwa hapa ilimlipia ushuru. Ukitafuta mambo ya kwanza na makubwa kuliko yote katika usafiri na mawasiliano ya pwani hii, mengi utayakuta kwake. Nimekusanya machache hapa, ya kweli na yaliyotiwa chumvi, na nimechanganya na yale ya upande wetu wa Mrima, yaliyofanywa kwa miguu.

Mwanamfalme aliyeshindwa mara mbili

Barghash hakuupata utawala kwa urahisi. Baba yake, Seyyid Said, alifariki baharini karibu na Shelisheli mwezi Oktoba 1856, na kijana huyu alikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Walipofika Unguja, aliuteremsha mwili usiku ukazikwa kimya kimya, kisha akajaribu kuushika mji kabla watu hawajajua kwamba mzee hayupo tena. Hakuweza. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii dhidi ya kaka yake Majid, huku dada yao Salme akimwandikia barua za njama, kwani Salme alijifundisha kuandika wakati mabinti wa kasri hawakufundishwa. Akashindwa tena. Waingereza wakampakia melini, akapelekwa Bombay.

Ikiwa kuna adhabu iliyomfaa mtu, ni hiyo. Bombay ilikuwa na garimoshi tangu 1853. Maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar yalianza kuufikia mji ule mwaka 1860, wakati yeye yuko pale pale. Linganisha na aliyoyafanya baadaye: alipotawala, maji ya Chem Chem yalivutwa kwa mabomba hadi Mji Mkongwe. Halafu ikaja reli.

Reli ya kwanza Afrika Mashariki

Waulize watu reli ya kwanza ilikuwa wapi, watakutajia Mombasa. Mwenye kusoma kidogo atasema Tanga. Ujenzi wa Tanga ulianza 1893, wa Mombasa 1896. Barghash alitandika yake mwaka 1879, kutoka kasri lake la mjini hadi kasri la Chukwani, maili saba, yaani kama kilomita 11. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza, nyumbu wakapumzika.

Kwa hiyo wa kwanza ni yeye, bila ubishi. Ila nani aliipanda? Reli iliyotoka kasri kwenda kasri haimhusu mkulima wa karafuu wala mchukuzi wa forodhani. Alipofariki mwaka 1888 iling'olewa, na kichwa chake kikaishia kuwa chuma chakavu. Miaka tisa tu. Sijui reli nyingine ya ukanda huu iliyowahi kuzaliwa na kufa upesi hivyo.

Dhoruba kubwa, meli nyingi, vita vifupi

Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga ambacho wazee waliendelea kukihesabia miaka. Mikarafuu iling'oka kwa maelfu, na meli za Seyyid zikasagika bandarini. Upande wa Bagamoyo majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu nayo yalipigwa vibaya. Barghash, aliyekuwa bado hajamaliza miaka miwili ya utawala, alianza upya kwa mvuke: akanunua meli kama Nyanza, Malacca na Kilwa, zikawa zinabeba watu na bidhaa hadi Bombay.

Mojawapo ya meli zake ilikuwa Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878. Mwisho wake ndio uliompa mtoto wake rekodi asiyoitaka. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kutoka katika kasri, meli za Kiingereza zilifyatua mizinga. Vita hivyo, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, kwa kawaida huhesabiwa dakika 38. Glasgow ilijibu mapigo, ikazama, na kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya maji mbele ya mji. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam.

Habari zilizochelewa kuliko zote

Kabla ya 1879 Unguja haikuwa na waya. Barua ilisubiri meli, na meli ilisubiri mzigo au upepo. Daktari Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. London haikupata habari hadi Januari 1874. Miezi minane na ushee, kwa mtu aliyekuwa akitafutwa na magazeti ya dunia nzima!

Mwishoni mwa 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na ukaendelea kusini hadi Durban. Tangu hapo bei ya karafuu na pembe za ndovu ikawa inajulikana Unguja wakati inajulikana London. Miaka 130 baadaye, Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam tulishangilia kama vile bahari yetu haijawahi kupitishiwa waya.

Lakini Bagamoyo ilingoja. Forodha iliyokuwa ikimlisha Sultani, mji ambao misafara mingi mikubwa ya bara ilianzia na kuishia, haukupata waya wakati wa uhai wake. Uliupata 1890, Barghash ameshazikwa, bendera imeshabadilika na vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vimeshapita. Posta ya Wajerumani ikafunguliwa hapo mwaka huo huo. Mwaka uliofuata makao makuu ya Wajerumani yakahamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu ile ile ya kina cha maji.

Mzigo wa mbali kuliko yote

Hapa ndipo ninapoona kaka zetu wa Unguja, pamoja na reli na meli zao, wanapaswa kutupisha. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama farasila mbili, kilo thelathini na kitu, begani au kichwani. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na msafara uliokwenda vizuri ulihesabu miezi. Stanley aliondoka hapa Machi 1871 akamkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba.

Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walifanya zaidi. Bwana wao alipokufa, wao na wenzao, akiwemo Halima mpishi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na nguo. Njiani ilipobidi waliufanya uonekane kama robota la kitambaa, maana vijiji vilikataa maiti ipite. Waliubeba hivyo zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa, wengine wakifia njiani, hadi Februari 1874 walipoufikisha Bagamoyo. Mwili ukavushwa Unguja, ukaenda kuzikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Mwenzao Jacob Wainwright alisafiri nao. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yameshakwisha.

Na kuna hesabu moja isiyopendeza kusemwa mbele ya wageni. Barabara hiyo hiyo ya misafara ilileta watu waliofungwa minyororo. Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya utumwa ya baharini tarehe 5 Juni 1873, chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza, lakini mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa baada yake. Mabomba, reli na meli vyote vilinunuliwa kwa fedha ya namna hiyo.

Majigambo ya kupimwa

Utasikia barazani kwamba Unguja ilikuwa na taa za umeme kabla ya London. Beit al-Ajaib, kasri la Barghash la Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, na mwaka mmoja kabla ya hapo taa za umeme zilikuwa zinawaka barabara ya Holborn Viaduct, London. Kwa hiyo hapana. Kwamba ilikuwa nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa umeme, na ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti, hilo wanaoijua historia ya jengo hulikubali. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati.

Maegesho ya muda mrefu kuliko yote

Misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Husimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo miaka ya 1890, siku moja akausahau pale. Shina likanenepa, likaumeza. Ukienda, uliza wakuonyeshe upande wenyewe, maana kilichobaki nje ya gome ni kipande kidogo tu.