Dawa zipo, mabingwa ni haba: Hivi ndivyo daktari wa saratani ya watoto anavyopikwa

Dawa nyingi zinazoponya saratani ya watoto si ngeni. Mwaka 1948 Sidney Farber, daktari wa Boston nchini Marekani, alionyesha kwamba lukemia ya watoto inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa, ingawa kwa muda tu. Vinkristini, inayotokana na ua lenye asili ya Madagaska, imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kati ya watoto na vijana wapatao 400,000 wanaopata saratani kila mwaka, nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wao, ilhali nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati huponya chini ya asilimia 30.

Dawa kukosekana na familia kuishiwa fedha ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine, isiyozungumzwa sana, ni uhaba wa watu waliofunzwa kuutambua ugonjwa mapema na kuzitumia dawa hizo bila kumdhuru mtoto.

Safari ya kupanda mlima

Mfano ni mtoto wa miaka minne anayeishi Mitunguu, kwenye mashamba ya ndizi ya Imenti Kusini. Ana homa inayoondoka na kurudi, amepauka viganja, na miguuni ana alama za kuvilia damu ingawa hakuanguka. Huku chini kuelekea Tharaka kuna joto na mbu, hivyo jambo la kwanza kushukiwa ni malaria. Anapewa dawa, anapata nafuu kidogo, kisha homa inarejea. Baadaye anapelekwa Nkubu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Meru, na huenda akafikishwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani.

Lukemia huanzia kwenye uboho, ambako damu hutengenezwa. Chembe changa zisizokomaa huongezeka na kuzibana zile za kawaida, kama magugu yanavyobana migomba michanga. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto hupauka na kuchoka. Zile za kugandisha damu zikipungua, hutokwa na damu puani au kwenye ufizi. Chembe nyeupe zinazofanya kazi zikipungua, kila maambukizi hugeuka hatari. Kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu kinaweza kuonyesha kwamba kuna jambo, ila lazima awepo mtu wa kukiagiza na mwingine wa kuelewa majibu yake.

Miaka mingi ya kusoma

Nchini Kenya, anayetaka kuwa daktari husoma chuoni kwa takriban miaka sita, akafanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi, kisha akarudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya tiba ya watoto. Hapo huwa daktari bingwa wa watoto. Ubingwa wa saratani na magonjwa ya damu ya watoto huja juu ya huo wote. Kwa muda mrefu, aliyeutaka alilazimika kwenda ng'ambo kuusomea.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2016, pale Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha mafunzo hayo ya miaka miwili jijini Kampala kwa ushirikiano na Chuo cha Tiba cha Baylor na Hospitali ya Watoto ya Texas.

Mafunzo yenyewe hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa na mbele ya hadubini zaidi kuliko darasani. Mwanafunzi hujifunza kutoa uboho kwenye mfupa wa nyonga na kuusoma mwenyewe. Hukokotoa dozi kwa kutumia urefu na uzito wa mtoto. Hujifunza kwamba mtoto aliye kwenye tiba ya saratani akipata homa hasubiri hadi asubuhi: apewe antibayotiki ndani ya saa moja.

Hujifunza pia mahali ambapo kosa dogo huua. Baadhi ya dawa za lukemia hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, lakini vinkristini huingia kwenye mshipa wa damu pekee. Ikidungwa mgongoni kimakosa, karibu kila mara mgonjwa hufa. Ndiyo maana WHO hushauri itiwe kwenye kimfuko cha dripu badala ya bomba la sindano, ili isiweze kuchanganywa na dawa za mgongoni. Vivyo hivyo, uvimbe unaokua kwa kasi ukipigwa na dawa hupasua chembe nyingi kwa mpigo, na takataka zake zikaziba figo. Bingwa huanza kwa maji mengi ya dripu, ndipo alete dawa.

Kuna pia somo la kutuliza maumivu ya mtoto asiyeweza kupona. Katika hili Uganda imetangulia: shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993, lilionyesha kwamba mofini ya kunywa inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kumfikia mgonjwa nyumbani kwake.

Kwa nini kanda hii

Elimu hii ina mizizi Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 akiuliza hospitali baada ya hospitali, akabaini kwamba ugonjwa huo unafuata maeneo ya chini yenye joto, mahali malaria inapokithiri. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilianzia kwenye tiba ya uvimbe huo.

Ramani nyingine, ya ugonjwa wa damu wa selimundu, ilichorwa na mwanasayansi Anthony Allison. Mwaka 1949, akiwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kuelekea Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa maeneo mbalimbali ya nchi. Karibu na Ziwa Victoria na pwani, waliorithi jeni moja ya selimundu walikuwa wengi. Kwenye nyanda za juu hawakuonekana kwa urahisi. Mwaka 1954 alieleza sababu: urithi huo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali.

Ugunduzi huo una maana kwa mafunzo ya leo. Daktari aliyesomea kwenye nyanda za juu pekee anaweza kumaliza masomo akiwa amehudumia watoto wachache mno wa selimundu, kisha akapangiwa kazi Kisumu au Kilifi. Akipita Mulago, anawaona kila siku. Himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, nayo haichagui mwinuko: hurithiwa hasa na wavulana kupitia kwa mama, na wakati mwingine hugunduliwa pale kijana anapotokwa damu isiyokatika baada ya kutahiriwa.

Bingwa mmoja hatoshi

Mwaka 2018 WHO ilijiwekea lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo mwaka 2030. Hakuna anayetarajia bingwa awe Mitunguu. Kinachowezekana ni bingwa aliye Meru au Embu kuwafunza matabibu, wauguzi na watu wa maabara wa vituo vya chini, na simu yake kupatikana wanapokwama. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kaunti ndizo zinazowaajiri madaktari wengi wa umma na kuwaruhusu kwenda masomoni. Kwa hiyo swali la nani asomee ubingwa huu, na atakuta wadi, damu ya kuongezewa na wauguzi gani akirudi, ni swali la bajeti ya kaunti.

Kwa mzazi, dalili za kutopuuza ni hizi: homa ya zaidi ya wiki mbili isiyo na sababu, kupauka na kuvilia damu, uvimbe tumboni, shingoni au tayani, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, makengeza yaliyoanza ghafla, maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto achechemee, na maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika asubuhi. Nyingi kati ya hizo huwa na sababu nyepesi. Ila malaria ikitibiwa kikamilifu na homa ikarudi, omba damu ipimwe chembe zake, na majibu yakiwa na kasoro, omba rufaa siku hiyo hiyo.