Mtihani wa nadharia wa leseni: Dereva wa masafa ajiandae vipi

Madereva wengi wanaoomba leseni, au wanaotaka kupanda daraja ili waendeshe malori makubwa, huhofia zaidi jaribio la barabarani. Hata hivyo, wapo wanaokwamia kwenye mtihani wa nadharia. Kwa mwenye gari, hilo ni gharama: lori linakaa yadi, mzigo unasubiri, na rejesho la mkopo halisubiri.

Kosa la kawaida ni kukariri majibu ya mitihani iliyopita. Swali likigeuzwa kidogo, dereva anapotea. Rwanda, kwa mfano, mtihani huo huwa na maswali 20 ya kuchagua jibu, na mtahiniwa hupaswa kupata angalau 12. Mwenye kuelewa sababu ya kila kanuni hapati shida kufika hapo.

Alama za barabarani

Njia rahisi ni kuanza na umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, na duara la bluu linaamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ya kupisha ni pembetatu iliyogeuzwa chini. Maumbo haya yanajitofautisha ili dereva aitambue alama hata ikiwa na vumbi. Matawi ya miti ambayo madereva huweka barabarani gari linapoharibika hayachukui nafasi ya pembetatu za kuakisi mwanga.

Mwendo na breki

Tanzania, kikomo ni kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na 80 kwa magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito unaozidi tani 3.5. Kwa mwendo wa 80, gari hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kukanyaga breki, mita hizo zimekwisha kabla lori halijaanza kupungua mwendo. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne.

Uzito

Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari lote, lakini si kwa kila gari. Semitrela yenye ekseli 6 huhesabiwa hivi: tani 8 za ekseli ya mbele, 18 za ekseli mbili zinazofuatana na 24 za ekseli tatu za trela. Jumla ni tani 50. Dereva anayejua 56 tu anaweza kukosa swali, na kesho yake akalipa faini kwenye mizani.

Upande wa kuendesha

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto; Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Hivyo dereva anayetoka Dar es Salaam hubadili upande anapovuka Rusumo au Kabanga. Kwenye mzunguko, ambao Watanzania huuita kipilefti, magari yaliyomo ndani sasa humjia kutoka kushoto. Kupita gari jingine nako kunakuwa kugumu, kwa sababu usukani wake uko kulia na haoni vizuri njia iliyo mbele. Ajifunze kanuni za nchi anayofanyia mtihani, kisha za nchi anazopitia.

Namna ya kujisomea

Nusu saa kila siku kwa wiki kadhaa inafaa kuliko kukesha usiku mmoja. Dereva na utingo wanaweza kuulizana alama wanazopishana nazo safarini, na anayejibu aeleze kwa nini, si jina la alama tu. Siku ya mtihani, swali lisomwe lote. Maneno "isipokuwa" na "lazima" hubadili jibu.

Ada ya mtihani huweza kulipwa tena, lakini mteremko wenye ukungu haurudii swali. Mwenye gari anayempa dereva muda wa kusoma analinda mzigo wake, na roho za watu walio barabarani.